Vipimo vya Nguo ya Mama Huruma

Jumatatu, Machi 3

Daftari hili ni la vipimo. Mbele kuna mabega na viuno vya wateja. Mimi nimeligeuza juu chini ili niandike yangu huku nyuma. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo atakayekuta herufi zimelala asicheke, zimechoka kama mwenyewe. Zamani mambo yangu nilikuwa nikimsimulia binti yangu jioni tukishona vifungo. Siku hizi jioni ana vidude masikioni na macho yako kwenye simu. Basi nakwambia wewe, daftari. Masikio huna, lakini angalau hujayaziba.

Mvua ya kwanza imeanza leo saa tisa.

Jumatano, Machi 5

Sare za shule kumi na mbili, zote pindo. Mvua.

Ijumaa, Machi 7

Binti yangu ana miaka kumi na tisa. Sisi humwita Kifungo, kwa sababu alipokuwa anatambaa alimeza kifungo cha koti la mteja, na mteja akasubiri koti lake siku mbili. Kifungo kilirudi. Nilikiosha, nikakishona, na mteja hajui mpaka leo.

Chumba chetu cha mbele ndicho karakana. Cherehani changu kiko dirishani, chake kiko ubavuni mwa changu. Nilikinunua alipomaliza shule, kwa kushona mapazia ya hoteli miezi minane mpaka vidole vikafa ganzi. Anashona pindo na vifungo vizuri kuliko mimi. Kukata bado, anaogopa mkasi.

Saa moja jioni tunatazama tamthilia. Kuna mama mle ndani, Mama Huruma, analea watoto watano asiowazaa, na hajawahi kupaza sauti. Mvua ikipiga bati hatusikii kitu, basi mimi huwatilia maneno midomoni. Mwaka jana nilimfanya mwanasheria wa kwenye tamthilia aulizie bei ya nyanya, Kifungo akacheka mpaka akaanguka kitini.

Leo mvua imepiga, nikaanza. Akasema, "Mama, ngoja kwanza. Mama Huruma ameniandikia."

"Yupi?"

"Mwenyewe. Mwigizaji. Amenijibu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi, Machi 15

Nimejua alichoandika hata akajibiwa. Simu ilikuwa mezani imewaka, nami nikasoma kwa kidole, neno moja moja. Kwenye ukurasa wa yule mama, chini ya picha yake, mwanangu ameandika: natamani ungekuwa mama yangu.

Nilidhani nimekosea kusoma. Nikarudia. Sikuwa nimekosea.

Nimeshona vibaya mchana kutwa. Kola mbili nimefumua.

Jumapili, Machi 16

Mvua. Sijisikii kuandika.

Jumamosi, Machi 22

Kila asubuhi kabla sijawasha jiko yule mama ameshaandika. "Umeamkaje mwanangu? Umeota nini?" Kifungo anamsimulia ndoto nzima, vidole vinakimbia kama sindano. Mimi nikimuuliza ameota nini, anasema, "Aah, sikumbuki."

Nimejaribu kitu cha aibu. Nimefunga kitambaa kichwani kama Mama Huruma anavyofunga, fundo ubavuni, na kutwa nimeongea polepole. "Mwanangu, naomba uniletee ule uzi mweusi."

Kifungo akanitazama. "Mama, unaumwa?"

Fundi viatu wa barazani kwetu akadakia, "Haumwi huyo, anagombea ubunge."

Nimekifungua kitambaa.

Ijumaa, Machi 28

Mama Huruma ameomba vocha ya simu. Eti yuko mahali pa kupiga picha, porini, hakuna duka. Kifungo ametuma. Nikamuuliza, mtu wa runinga anakosaje vocha? Akasema, "Mama, hata wao ni watu." Nikasema basi ampigie tumsikie sauti. Akasema mkataba wake unamkataza kuongea na mashabiki kwa simu, anaruhusiwa kuandika tu.

Nimempelekea mashtaka mdogo wangu wa kike, anayeuza kwenye duka la dawa. Ana simu kubwa, anayajua haya. Akafungua ule ukurasa akauangalia. Picha zipo, watu wanaoufuata ni wengi.

"Dada, sioni tatizo."

"Anamwita mwanangu mwanangu."

"Kila mtu mzima anamwita hivyo."

"Si kwa namna ile."

Akaweka simu chini. "Dada yangu, una wivu. Wivu na mtu wa kwenye runinga. Hata shemeji marehemu hukumwonea wivu hivi."

Nimerudi nimelowa. Nilikuwa na mwavuli, nimesahau kuufungua.

Ijumaa, Aprili 4

Habari kubwa, na mimi nimeisikia kupitia ukuta. Kifungo alikuwa akimsimulia mama yake mdogo kwenye simu. Tamthilia inatafuta msichana mpya wa kuigiza binti wa kuzaa wa Mama Huruma, aliyepotea utotoni. Mama Huruma amemchagua yeye. Gauni la kuigizia linashonwa huko huko, sasa wanataka vipimo.

Gauni linashonwa huko. Mwili huu nimeuvika tangu nepi. Sare zake zote, nguo ya mahafali, nguo ya msiba wa baba yake, zote zimepita chini ya sindano yangu. Leo atavikwa na mwingine.

Jumapili, Aprili 6

Fundi hajipimi mwenyewe. Ukiinama kuona namba umeshaharibu kiuno. Kwa hiyo ilibidi aje kwangu.

Alisimama katikati ya chumba mikono imeachana kidogo na mwili, kama nilivyomfundisha tangu ana miaka sita. Nywele zilinuka sabuni. Nilipita na futi ya kupimia begani, kifuani, kiunoni, nyongani. Alikuwa anatabasamu, lakini si kwangu, alikuwa anaitabasamia simu iliyokuwa mezani.

Nikaandika kwenye karatasi. Na hapa mkono wangu ukafanya jambo ambalo mkono huu haujawahi kufanya kwa mteja hata yule asiyelipa. Bega lake ni inchi kumi na tano, nikaandika ishirini na moja. Kiuno na nyonga nikavibadilisha mahali: kiuno thelathini na nane, nyonga ishirini na saba. Mwili wa namna hiyo Mungu hajauumba.

Nilitaka gauni la yule mama lije lisimkae. Nilitaka alie kidogo. Nilitaka aje nalo mkononi aniambie mama, hebu nirekebishie, na mimi nilifumue lote, nilishone upya, limkae, ajue.

Akaipiga karatasi picha, akaituma. Hakuisoma. Tangu lini mtoto akakagua vipimo vya mama yake.

Jumatatu, Aprili 7

Uji nimeurudisha kwenye sufuria.

Alhamisi, Aprili 10

Mvua. Dari inavuja juu ya cherehani chake. Nimekisogeza nikakifunika kwa nailoni. Yeye hakuona, alikuwa anaandika.

Jumatano, Aprili 16

Picha ya gauni imefika. Jekundu la damu ya mzee, kola ya kusimama, sketi imebana mpaka magotini. Sitadanganya, ni kazi nzuri. Niliutazama ule mshono wa ubavuni mara tatu. Chini yake yule mama ameandika, Kifungo akanisomea kwa sauti, maana furaha ilimzidi hata akasahau kwamba hatuongei siku hizi:

"Mwanangu, gauni lako ni hili. Tumelijaribisha kwa dada wa ofisini mwenye mwili kama wako, limemkaa kama amemwagiwa. Sasa lipa ada ya chama cha waigizaji tuje kukuchukua Jumapili."

"Ada utaitoa wapi?" nikauliza.

Akatazama pembeni. "Nitauza cherehani."

"Kipi?"

"Changu, mama. Si ulinipa?"

Kweli, nilimpa. Kilichotoka mkononi hakirudi kwa kudaiwa. Mnunuzi anakuja Jumamosi.

Alhamisi, Aprili 17

Nilikuwa nakata sketi ya mwalimu mkuu. Nikaandika kwa chaki, kiuno, nyonga, nikaweka mkasi. Mkasi ukasimama wenyewe.

Limemkaa kama amemwagiwa. Nani? Gauni la nyonga ishirini na saba limepitaje nyonga za mtu mzima? Na kiuno cha thelathini na nane kimekaaje juu yake? Hata ukishonea chupa haliingii. Huko hakuna fundi aliyeshona kwa vipimo vile, kwa sababu fundi yeyote, hata mlevi, angerudisha karatasi aulize huyu ni binadamu au ni ngoma. Hakuna gauni, ile ni picha ya kuokota tu. Hakuna dada wa ofisini. Na kama hayo hayapo, huyo anayeuliza umeota nini ni nani?

Nitasema kweli mbele ya daftari: kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Nilisema moyoni, nimekupata, mwanamke wewe. Kisha furaha ikaniganda. Siwezi kusema nilichojua bila kusema nilichofanya.

Nilikwenda barazani kwa fundi viatu. Nikamwambia yule wa kwenye simu ni tapeli.

"Umejuaje?"

"Najua tu."

Akagonga msumari. "Fundi, wivu ni kama kiatu kipya. Kinamuuma aliyekivaa, wengine tunaona kinang'aa tu. Ukitaka nikuamini, nioneshe kidonda."

Sikumuonesha.

Ijumaa, Aprili 18

Nimemwambia Kifungo yule mtu ni mwongo. Akasema, "Nilijua utasema hivyo." Nikamwambia mara ya pili. Akasema, "Mama, tangu siku ya kwanza hukumpenda. Angekuwa malaika ungemkuta na kibiongo."

Amekifuta cherehani chake. Amekipaka mafuta. Ametoa bobini zake zote akazipanga kwenye kopo la maziwa, akaliweka upande wangu wa meza. "Hizi baki nazo," akasema. Bobini moja ilikuwa na uzi wa manjano niliomfundishia kushona, mwaka ule wa kwanza.

Nimechukua pazia kuukuu. Nimetoa ile karatasi yenye vipimo, aliiacha kwenye droo. Nimeanza kukata.

Jumamosi, Aprili 19

Mnunuzi alikuja saa nne na mkokoteni, mvua imetulia kidogo. Mwanamume mpole, ana duka la vitambaa. Akazungusha gurudumu, akasikiliza, akasema, "Kimetunzwa." Kifungo akakifuta tena.

Nikasema, "Baba, naomba ukae kidogo barazani na fundi viatu. Kuna nguo ya kujaribu kwanza."

"Nguo gani?" Kifungo akauliza.

Nikafunga mlango, nikampa lile gauni la pazia, maua yake yamepauka. Nilikuwa nimelishona kwa uangalifu wote nilionao, hata zipu nimeweka. "Vaa."

"Mama, mtu anasubiri."

"Vaa, mama yangu, nakuomba. Ukimaliza utauza unachotaka."

Nadhani alivaa ili amalize. Akaingiza miguu, akavuta. Gauni likapanda mpaka mapajani likakwama. Akavuta tena, mshono ukalia. Akajaribu kulipitishia kichwani, likamnasa kifuani mikono iko juu, na mabega ya gauni yananing'inia kila upande kama masikio ya mbuzi. Kwa ndani nikasikia sauti yake, "Nini hiki?"

Nikamvua. Nikampa karatasi.

"Ni gauni lako la Mama Huruma. Vipimo ni hivi hivi ulivyotuma."

Akasoma. Mara hii alisoma. Niliona macho yakishuka mstari kwa mstari, yakirudi juu, yakishuka tena. Yeye si mkataji, lakini ni mtoto wa fundi.

"Kiuno thelathini na nane?"

Nikalikunja lile gauni.

"Hivi ni vipimo vya nani?"

"Havina mwenyewe, mwanangu. Nilivitunga."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno tangu jana. Yote yalikimbia, likabaki moja bovu. "Uliandika unatamani angekuwa mama yako."

Akakaa chini, si kitini, sakafuni palepale kwenye vipande vya pazia. Nje fundi viatu alikuwa anamsimulia mnunuzi kisa cha mteja aliyeleta kiatu kimoja cha kushoto. Walikuwa wanacheka.

Kisha akachukua simu. Aliandika huku anaisoma sauti ya chini, labda anisikilizishe, labda ajisikilizishe: "Mama, lile gauni kiunoni halikumpwaya yule dada? Na nyongani halikumbana?"

Jibu lilikuja kabla sijafuta jasho. Akasoma, na sauti haikuwa yake:

"Limemkaa sawasawa kila mahali mwanangu, hata sindano haihitajiki. Tuma ada leo, wenzako wameshatuma."

Akaisoma tena kimyakimya. Kisha akaandika: naomba nikuone uso tu, dakika moja. Ikajibiwa: una wasiwasi na mama yako? Halafu nyingine: nafasi yako nampa mwingine. Halafu nyingine ya kubembeleza. Zilikuja kama mawe ya mvua. Hakujibu hata moja.

Akainuka, akafungua mlango, akamwambia mnunuzi, "Samahani baba, hakiuzwi."

Mnunuzi akanitazama mimi, akatazama pazia sakafuni, akasema, "Hakuna neno. Mvua yenyewe ingekiharibu njiani."

Nilidhani sasa atanikumbatia. Nilikuwa nimeshanyoosha mikono, mjinga mimi. Kifungo akapita kando.

"Yule aliyenidanganya simjui," akasema. "Wewe ulinishika kiuno ukanidanganya."

Akachukua mkoba, akaenda kwa mama yake mdogo.

Jumapili, Aprili 20

Mvua. Hayupo.

Jumatatu, Aprili 21

Hayupo. Mdogo wangu amenipigia. Akasema, "Dada, kumbe ulikuwa sahihi." Nikamwambia sikuwa sahihi, nilikuwa na wivu, ukweli ulipita njia hiyohiyo tu. Hakunielewa, nami sina elimu ya kueleza zaidi.

Jumatano, Aprili 23

Tamthilia nimeitazama peke yangu. Mvua ikapiga bati. Sikumtilia mtu maneno.

Nilimwangalia sana Mama Huruma. Mwanamke wa watu, ana mstari mdogo chini ya jicho, amechoka kama sisi. Hajui kama sisi tupo. Wala hajui kwamba kuna mwizi amevaa uso wake. Nimemchukia masika nzima, na sala nimemwombea mbaya. Nimeomba nisamehewe hilo pia.

Ijumaa, Aprili 25

Fundi viatu ameuliza Kifungo yuko wapi. Nimemuonesha kidonda chote, tangu karatasi mpaka pazia. Hakutania. Akasema tu, "Hicho kingenitoa machozi hata mimi mwenye ngozi ya soli."

Jumatatu, Aprili 28

Sare ishirini. Vifungo nimeshona mwenyewe, macho hayaoni tundu.

Jumanne, Aprili 29

Amerudi. Alikuja mchana, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye cherehani chake, akavuta rundo la sare bila kusalimia. Tumeshona saa nzima, magurudumu mawili yanaongea sisi tumenyamaza. Nilitamani saa hiyo isiishe.

Kisha akasema bila kunitazama, "Mama, unajua kwa nini nilimpenda?"

"Kwa sababu hapazi sauti."

"Hapana. Kwa sababu alikuwa ananiuliza. Wewe huniulizi, unaniambia. Piga pasi, kula, funga mlango."

Nilitaka kusema pasi isipopigwa hatuli. Nikauma uzi. Ni kweli yake.

"Na aliyekuwa ananiuliza alikuwa mwizi," akasema. "Hilo ndilo linaniuma. Zile ndoto zangu zote nimempa mwizi."

Hakulia. Nililia mimi, akaniletea kitambaa, kipande cha lile pazia.

Jumatano, Aprili 30

Asubuhi nimemuuliza, "Umeota nini?"

Akanitazama. "Usiige, mama."

Jumamosi, Mei 3

Matapeli wameandika tena, kwa jina jingine. Safari hii ni yule mwanasheria wa kwenye tamthilia. Kifungo akanionesha mwenyewe. "Muulize bei ya nyanya," nikasema. Pembe ya mdomo wake ilisogea. Kisha akamfungia njia asiandike tena. Amewaandikia na wengine kwenye ule ukurasa wajihadhari. Binti mmoja amemjibu kwa matusi, kwamba ana wivu.

"Umeona?" akaniambia. "Sasa na mimi ninao."

Alhamisi, Mei 8

Siku ya tatu bila mvua. Nguo zimekauka nje.

Asubuhi, nikichochea jiko, akasema nyuma yangu, "Nimeota niko kwenye chumba kina vifungo mpaka magotini." Sikuwa nimeuliza. Sikugeuka, niliogopa angeacha. Nikasema, "Vya rangi gani?" Akaniambia.

Jumapili, Mei 11

Leo ameniomba nimfundishe kukata, na nguo ya kwanza atakayokata iwe yake. Nikasema vizuri, twende vipimo. Fundi hajipimi mwenyewe.

Akasimama katikati ya chumba. Jua liliingia dirishani likaangukia vyerehani vyote viwili. Hakunyoosha mikono kama zamani. Daftari hili alilishika kifuani na kalamu mkononi, akasema ataandika yeye.

Nikapitisha futi begani. "Kumi na tano," nikasema.

Hakuandika. Aligeuza shingo, akashika ncha ya futi kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na jicho lake. Nilisubiri.

"Kumi na tano," akasema, akaandika.

Kifua, akatazama, akaandika. Kiuno, akainama kuangalia, kipimo kikaharibika, ikabidi nianze upya. Akainama tena. Nikaanza tena. Tulikawia sana. Mara ya tatu nikamshikia kioo.